Uji wa Kwenda Kuona Mtoto

Wanawake wengi wa Majengo hapa Nyeri, wakijifungua, hunywa uji wangu. Leo ninalisema jambo hili kwa utulivu, lakini wakati ninaousimulia nililisema kwa uchungu, kama mtu anayemtajia daktari mahali panapouma.

Desturi yetu ni kwamba mtoto akizaliwa, wanawake hukusanyika wakaenda kumwona. Hakuna aendaye mikono mitupu. Mmoja hubeba ndizi, mwingine njahi, yale maharagwe meusi ya wazazi, mwingine kuni, na hapana budi awepo wa uji, kwa maana mzazi asiyepelekewa uji mchachu huonekana kama mtu ambaye hakupokelewa na wenzake. Uji huo ndio kazi yangu. Huloweka mahindi, mtama na wimbi, nikayapeleka kinuni yakiwa bado na maji yake, nikauacha unga uchachuke hadi harufu yake imchokoze jirani, kisha nikaupika na kuutia katika mitungi ya plastiki ya lita mbili yenye vifuniko vya njano. Rangi ile ya njano sikuichagua kwa hekima yoyote. Muuzaji wa mitungi alikuwa amebakiwa na vifuniko hivyo tu, ambavyo hakuna aliyevitaka, naye akanipunguzia bei.

Kwa miaka mingi niliuza mbele ya chumba changu cha kupanga, juu ya sanduku, karibu na rafiki yangu Wacera anayeuza sukuma wiki. Niliridhika, mpaka siku nilipoliona jokofu la Hemlata.

Hemlata ndiye mwenye duka la Ambalal, lililo kwenye barabara ambayo sisi wa Majengo tunaipanda tukienda hospitali. Ambalal mwenyewe, baba mkwe wake, alikwisha kufariki, lakini ubao wa kijani wenye jina lake ungali juu ya mlango, umepauka na haujaguswa. Humo ndani utapata sukari, beseni, nyuzi, sabuni, shali za watoto na misumari. Mwaka ule aliongeza jokofu la kioo karibu na mlango. Lina taa ndani. Nilipoziona soda zimesimama ndani ya ule mwanga, nilijiona mimi. Sikuuona uji wangu. Nilijiona mimi mwenyewe, Nduta, mama yake Theuri, nikiwa nimesimama katikati ya soda, nimeng'aa.

Nikamwomba Hemlata rafu. Yeye amezaliwa Nyeri kama mimi, na anazungumza bila kuzunguka.

"Mama Theuri," aliniambia, "rafu ya juu iko wazi, ni kweli. Lakini yule mtu wa mtindi kutoka Kianyaga pia anaitaka. Na mimi nataka kitu inatoka kila siku. Uji yako ni ya wazazi tu. Nyeri hawazai kila dakika."

"Watu wengine wataunywa pia," nilisema.

"Watu gani?"

"Watu wote."

"Basi nionyeshe. Nakungoja mpaka Pasaka. Nikiona wanaume, wanafunzi, watu wa ofisi wanatembea na hiyo uji yako, rafu ni yako. Nisipowaona, nampatia wa Kianyaga. Na usininunie."

Niliondoka nikiwa na furaha isiyo na msingi. Ilikuwa baada ya Krismasi. Pasaka ilionekana mbali kama Mombasa.

Ikatokea kwamba wakati huohuo Mwalimu Ngatia, anayetufundisha ngumbaro, kisomo cha watu wazima, katika ukumbi wa kanisa, alituletea mkufunzi wa biashara kutoka Nairobi. Alikuwa kijana mwenye viatu vyenye ncha, na alizungumza juu ya chapa: jinsi ya kuipanga, kuitangaza na kuilinda. Nilikaa mbele. Mimi hukaa mbele daima, kwa sababu naamini kwamba maarifa, kama joto la jiko, humfikia kwanza aliye karibu.

"Mama, wewe unauza nini?" aliniuliza.

"Uji."

"Mteja wako ni nani?"

Nikasimama. Nikajibu kwa sauti ya kujiamini, "Kila mtu aliye na mdomo."

Darasa lilipiga makofi. Kijana hakupiga.

"Na wakishaununua," alisema taratibu, "wanaupeleka wapi?"

"Tumboni," nilijibu, na makofi yakaongezeka. Wacera, aliyekuwa nyuma yangu, aligonga dawati.

Mkufunzi alisubiri kelele zitulie, kisha akatupa mafundisho ambayo ningeweza kuyakariri hata leo. Alisema chapa haikai kwenye chupa, inakaa kwa mtu aliyeiona chupa. Alisema tumchague mtu mmoja na jambo moja tunalomfanyia, tusimamie hapo, kwa maana anayejaribu kujulikana kwa mambo mengi hajulikani kwa lolote. Alisema tusibadilishe sura ya kitu chetu kwa sababu tu tumechoka kukitazama, kwa kuwa siku tunayochoka sisi ndiyo siku wateja wanaanza kukizoea. Akasema pia tutafute mtu wa kuheshimika aonekane akikitumia, maana watu hutazama wenzao kabla ya kutazama bidhaa. Niliyashika yote. Mkufunzi mwenyewe alinisifu kwa kumbukumbu. Hakuniuliza kama nimeelewa, na ninamshukuru kwa hilo, kwa sababu ningemwambia ndiyo.

Nilipofika nyumbani nilichukua fundisho moja tu kati ya yale, lile la mtu wa kuheshimika, kwa sababu ndilo lililokuwa rahisi. Mengine niliyaacha yapumzike. Kisha nikaketi kutengeneza karatasi ya kubandika kwenye mtungi.

Mtu asiyewahi kujifunza kuandika akiwa mtu mzima hawezi kujua utamu wa karatasi tupu. Niliandika "Uji". Lilikuwa neno zuri, lakini lilionekana pweke. Nikaongeza "wa Nguvu". Nikaona nguvu bila afya si kitu, nikaiongeza afya. Kisha nikamkumbuka Hemlata na maswali yake, nikaona ni lazima nitaje watu. Kila kundi nililolitaja lilinikumbusha jingine ambalo lingenung'unika kuachwa nje. Nilipomaliza, karatasi ilisomeka hivi: UJI WA NGUVU NA AFYA KWA WANAUME, VIJANA, WANAFUNZI, WAZEE, WAENDESHA BODABODA, WAFANYAKAZI WA OFISI NA WOTE WENYE NIA NJEMA.

Nilimpelekea Wacera aisome. Alisoma mpaka katikati, akapumzika, akaendelea.

"Mama Theuri," aliniuliza, "hii ni uji ama ni katiba?"

"Ni tangazo."

"Na wazazi je? Umewatoa?"

"Wazazi wananijua tayari. Hawahitaji kuandikwa."

"Haya. Na hii kifuniko, utaweka gani?"

Niliwaza kununua vifuniko vyekundu, rangi ya nguvu. Lakini vya njano vilikuwa bado gunia zima chini ya kitanda, na mimi si mtu wa kutupa. Vikabaki. Ubahili wangu, kama mtakavyoona, ulikuwa na akili kuliko mimi.

Sasa nilihitaji mtu wa kuheshimika, na katika kanisa letu huhitaji kutafuta sana. Mzee Gicheru ndiye mwenyekiti wa kamati ya maadili. Yeye ndiye husimama wakati wa matangazo, akavaa miwani, akasoma majina ya vijana waliosimamishwa kwaya kwa sababu ya mienendo. Akikohoa, watu hunyoosha migongo. Ana mke, Beth, ambaye sisi humwita Mama Wangui, na binti yao huyo Wangui ameolewa Kangema. Mtoto wa kwanza wa Wangui ni wa kiume, akapewa jina la baba wa mume kama desturi itakavyo. Wa kiume wa pili angepewa jina la baba wa mke, yaani la Mzee Gicheru, naye alikuwa akiingoja zamu yake kwa subira aliyoitangaza kila mahali.

Nilimvizia Jumamosi alipotoka kwenye mkutano wa kamati.

"Mzee, nimekuletea zawadi."

Aliutazama mtungi. "Si hii ni ile ya akina mama?"

"Ilikuwa zamani. Soma, Mzee."

Alivaa miwani akasoma karatasi yote, neno kwa neno, midomo ikitembea. Alipofika kwenye "wote wenye nia njema" alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapo umenipata," alisema.

Akatoa mfuko mweusi kwenye koti lake ili autie mtungi. Nikamshika mkono.

"Usiufiche, Mzee. Ubebe hivihivi, watu wauone. Ukikutana na mtu akakuuliza, mwambie una nguvu."

Ndivyo nilivyomwambia. Nimejaribu tangu siku hiyo kukumbuka kwamba nilitumia maneno mengine, lakini Wacera alikuwepo, naye hakubali.

Mzee Gicheru, mtu wa neno lake, alitoka Majengo akiwa amenyoosha mkono uliobeba mtungi. Alipita mbele ya msikiti, akapita kinu cha unga, akapita vibanda vyote, akapanda mpaka nyumbani kwake Kamakwa. Nilimfuata kwa macho hadi alipopotea. Niliona watu wakisimama kumtazama. Niliona mwanamke akiacha kufua. Kinyozi alitoka nje na wembe mkononi, akaita, "Hongera, Mzee!" na Mzee akainua mtungi juu, akajibu kwa ile sauti yake ya matangazo, "Asante! Bado niko na nguvu!"

Nikamgeukia Wacera. "Unaona?" nilimwambia. "Hiyo ndiyo chapa."

Wacera alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Hakuna mtu aliyesoma ile karatasi. Mtu anayepita hasomi mtungi ulio mkononi mwa mwingine. Anaona rangi, basi. Na katika Majengo nzima, kifuniko cha njano kilikuwa na maana moja. Kinyozi aliona Mzee Gicheru amebeba uji wa mzazi. Mwanamke aliyekuwa akifua aliona Mzee Gicheru amebeba uji wa mzazi, yeye mwenyewe, bila mke wake, akipongezwa na kupokea pongezi, na juu ya hayo akitangaza kwamba bado ana nguvu.

Jumapili nilikwenda kanisani nikiwa na matumaini. Niliona watu wakinong'ona na kugeuka kumtazama Mzee, nikafikiri wanazungumzia uji wangu. Kwa namna fulani nilikuwa sahihi. Wakati wa matangazo ulipofika, Mzee alisimama, akavaa miwani, akasoma jina la kijana wa kwanza aliyesimamishwa kwaya. Kicheko kilitoka kwa waimbaji wa sauti ya tatu. Nimesali katika kanisa hilo tangu nilipoolewa na sijawahi kusikia kicheko wakati ule. Mzee alikohoa. Hakuna aliyenyoosha mgongo.

Jumatatu asubuhi Beth alikuja kwangu, mtungi mkononi.

"Mama Theuri, nimerudisha mtungi yako."

"Mzee ameupenda?" niliuliza kwa shauku.

"Ameupenda sana. Sasa uniambie. Mtoto ako wapi?"

"Mtoto gani, Mama Wangui?"

"Hiyo ndiyo nakuuliza wewe, mwenye uji." Aliketi juu ya ndoo yangu bila kukaribishwa. "Jana mlangoni mwa kanisa nimepewa pole na watu nusu, na nusu wamenipa hongera. Pole nimeelewa. Lakini mimi, na hii miaka yangu, hongera ya nini?"

"Labda ni Wangui..."

"Wangui walimwona hapa juzi kwenye mazishi, amejifunga mshipi, tumbo iko flati kama meza. Kwa hivyo si Wangui. Si mimi. Ati kuna msichana Karatina. Ati mtoto amefanana na yeye masikio. Masikio, Mama Theuri! Mtoto hayuko, lakini masikio iko!"

Wacera, kule kwenye sukuma yake, alitoa sauti kama ya kuku.

"Na wewe wacha kucheka!" Beth alimwambia. "Na yule mzee mwenyewe sasa. Nikimuuliza, 'Ulijibu nini walipokupa hongera?' anasema, 'Nilisema niko na nguvu.' Nikamwambia, Baba Wangui, mimi nakujua, hiyo nguvu ungeificha tu."

Nilimweleza kila kitu: jokofu, rafu, mkufunzi mwenye viatu, mtu wa kuheshimika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaiangalia karatasi yangu kwenye mtungi, akaikwaruza kwa kucha.

"Kamati imemuita Alhamisi," alisema. "Kamati yake mwenyewe. Atakaa kwa ile kiti ya wale vijana. Saa hiyohiyo sisi akina mama tuko na ushirika. Utakuja usimame mbele, useme hakuna mtoto kwa hiyo uji. Usipokuja, nitakuja kukubeba."

Habari mbaya haikuishia hapo. Wanaume niliokuwa nimewagawia mitungi ya kuonja walianza kuirudisha, wengine wakiwa wameifunga kwa magazeti. Kim, kijana wa bodaboda niliyemtegemea kuliko wote, aliusukuma mtungi kwa ncha ya kidole kama kitu chenye moto.

"Mathe, hii siwezi. Uji ni poa, sikatai. Lakini dame wangu akiniona na hiyo yellow, kesho niko kwa wazazi wake na mbuzi."

"Soma karatasi, Kim. Imekutaja. Waendesha bodaboda."

"Mathe, nani anasoma uji?"

Alhamisi nilisimama mbele ya ushirika wa akina mama. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yenye utangulizi. Nilianza kwa kueleza maana ya chapa. Beth akaniambia nifike kwa mtoto. Nikafika. Nikasema kwamba Mzee Gicheru hana mtoto Karatina wala kwingineko, kwamba mtungi nilimpa mimi, kwamba yale maneno ya nguvu niliyaweka mimi mdomoni mwake, na kwamba nilifanya hivyo ili kupata rafu katika jokofu la Hemlata.

Walicheka namna ambayo sijawahi kuona watu wazima wakicheka ndani ya jengo la Mungu. Mmoja aliteremka chini kabisa kutoka kwenye benchi. Beth alijaribu kukaa na hasira yake, ikamponyoka, naye akacheka mpaka akalazimika kuvua kilemba. Mtu alitumwa mbio kwenye chumba cha kamati kumwokoa Mzee.

Nilidhani nimemaliza, nikaanza kushuka. Ndipo Nyina wa Muchiri, mwanamke mzito anayeongoza nyimbo, aliponiita.

"Ngoja. Hiyo karatasi ya bodaboda, utaitoa?"

"Kwa nini?"

"Kwa nini! Mimi nikienda kuona mtoto, nibebe uji ya bodaboda? Watu watajua aje naenda kuona mtoto?"

"Si unajua mwenyewe unakokwenda?"

"Mimi najua. Lakini barabara haijui!" Aliwageukia wenzake. "Si ni kweli? Ile siku nilibeba soda kwa yule msichana wa kwa Wambugu, nilitembea mpaka hospitali kama mtu ameenda kununua chumvi. Hakuna aliniuliza kitu. Nikibeba hiyo ya njano, kila kona ni 'Mtoto wa nani? Kijana ama msichana? Tupelekee salamu.' Nikifika, mzazi yuko na wageni wengine nyuma yangu. Hata simu haijapigwa."

"Na mzazi anajua hukuja kimyakimya," aliongeza mwingine.

"Mwenye kubeba njano ndiye anaingia wa kwanza," alisema wa tatu. "Sisi huipigania kwetu."

Nilibaki nimesimama hapo mbele kama mtu aliyesahau wimbo. Mkufunzi aliniuliza wanaupeleka wapi uji wangu, nami nikajibu tumboni, nikapigiwa makofi. Kumbe walikuwa wakiupeleka barabarani. Uji ulikuwa mzuri, nadhani. Lakini walichokinunua kwangu ni kuonekana wakienda, na kifuniko kile ambacho hakuna mtu aliyekitaka ndicho kilichokuwa kikisema kwa niaba yao. Nilikuwa na tangazo ambalo mji mzima ulilisoma hata bila kujua kusoma, nami nikabandika katiba juu yake.

Siku iliyotangulia Ijumaa Kuu nilikwenda kwa Hemlata. Nilikuwa nimeloweka mitungi yote kwenye beseni na kuzibandua karatasi zangu kwa kisu. Wenye nia njema ndio waliogoma kutoka mpaka mwisho. Sikuwa na wanaume wa kumwonyesha Hemlata, wala wanafunzi, wala ofisi. Nilikwenda kumwambia nimeshindwa, kwa sababu aliniambia nisinune, na nilitaka aone kwamba sinuni.

Nilipoingia, rafu ya juu ilikuwa imejaa mtindi wa Kianyaga. Taa ilikuwa imewashwa. Vikombe vyeupe vilikaa pale nilipojiweka mimi kwa miezi mitatu, na nitasema ukweli kwamba vilipendeza.

"Umenuna," Hemlata alisema kutoka kaunta.

"Sijanuna, Mama Parth."

"Uso yako imenuna. Kuja huku nyuma."

Alinipeleka hadi mwisho wa duka, upande wa giza ambako hukaa shali za watoto, beseni ndogo, sabuni za watoto na pini. Rafu moja ilikuwa imepanguswa na haikuwa na kitu.

"Weka hapa," aliniambia.

"Hapa?" Sauti yangu ilipanda. "Kwa pini?"

"Sikiliza. Kila mtu anapanda hospitali kuona mtoto, anaingia hapa kwanza, anachukua shali. Wiki hizi zote, tangu ile maneno ya mzee wenu, wakishachukua shali wananiuliza, 'Na ile ya njano iko?' Nawaambia sina. Wanashuka tena mpaka kwako. Wengine hawarudi kuchukua hata shali. Mji mzima inacheka mtungi, na kila anayecheka anajua mtungi ni ya nini. Huyo wa Kianyaga ananilipa nimuwekee taa ndiyo watu wamuone. Wewe wanakuona kwa giza."

"Uliniambia nilete wanaume."

"Nilikosea. Nani hakosei? Parth, kijana yangu, kila Diwali anataka tupake ubao rangi mpya, ya kisasa. Namwambia, wacha. Watu hawasomi Ambalal. Wanamwambia mtoto, nenda pale kwa kijani." Aliushika mtungi mmoja, akaugeuza huku na huku akitafuta karatasi. "Umeandika nini sasa?"

"Sijaandika kitu."

"Vizuri. Usiandike."

Niliipanga mitungi katika lile giza. Nilitamani sana kuandika neno moja tu, "Nduta", kwa herufi ndogo, upande wa nyuma, ambako hakuna ambaye angeliona. Ninaitamani nafasi hiyo hata sasa. Mwalimu Ngatia alipokuja kununua shali ya mpwa wake, alisimama mbele ya rafu, akaniuliza mbona mwanafunzi wake bora hakuandika jina lake. Nilimjibu kwamba bado natafuta neno litakalofaa. Wacera, tuliyekuwa naye, alikohoa kama kamati nzima.

Mzee Gicheru alirudishiwa kiti chake na heshima yake, ingawa kwa muda mrefu sauti ya tatu ilikuwa ikikosa pumzi wakati wa matangazo. Mimi hakunisalimu. Akiniona upande huu wa barabara, alivuka.

Kisha, mwaka ulipokaribia kugeuka, nilikuwa nikijaza rafu yangu pale nyuma nilipoona kofia yake ikipita kati ya beseni. Alichagua shali ya buluu, akaipima kwa vidole, akaikunja. Akasimama mbele ya mitungi. Mimi nilijificha nyuma ya ndoo, lakini sina umbo la kujificha nyuma ya ndoo.

"Mama Theuri," alisema bila kugeuka. "Nipatie moja."

Nilimpa. Nikatoa haraka gazeti na mfuko mweusi, na kamba pia, kwa tahadhari. "Niufunge, Mzee? Nitaufunga vizuri, hata umbo halitaonekana."

Alikitazama kile kifuniko kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa akiviona vibanda vyote, na kinyozi, na kile kiti cha vijana.

"Hapana," alisema. "Wacha ionekane."

Nilimfuata hadi mlangoni. Kim alikuwa ameegesha pikipiki yake nje, chini ya ubao wa kijani, na hakuweza kujizuia.

"Hongera, Mzee! Ni wa wapi tena?"

"Kangema!" Mzee Gicheru alinguruma, na barabara nzima ikageuka. "Wa Wangui! Kijana wa pili! Nimezaliwa mimi mwenyewe! Gicheru amezaliwa!"

Kutoka dukani kwenda kwenye magari ya Kangema ni mwendo mfupi, unateremka tu. Mzee Gicheru aliizunguka njia hiyo. Alipitia Majengo, mbele ya kinu, mbele ya msikiti, mbele ya kila kibanda, polepole, shali begani na mtungi umeinuliwa usawa wa kifua, akisimama kila alipoulizwa na mara nyingine hata kabla hajaulizwa.